Spika Kuukuu Zenye Pumzi

Mbukwenyi! Asanteni kwa kuja na jua hili.

Nianze na muheme. Aliyewahi kusimama mbele ya akina mama wa Kigogo, ngoma zimebanwa mapajani, anajua kwamba pigo halisikiki masikioni tu, linagonga kifua. Na baina ya pigo na pigo pana ukimya. Rekodi ya ngoma hiyohiyo ipige kwenye sabufa ya sebuleni: nyumba itatikisika, lakini pigo limevimba na ukimya umefunikwa na mngurumo. Mimi natafuta spika ya mtumba inayopiga kishindo na kunyamaza papo hapo.

Tazameni kwanza usikivu wa spika, yaani desibeli inazotoa kwa wati moja, ukiwa umbali wa mita moja. Kila zinapopungua desibeli 3, amplifaya inadaiwa nguvu maradufu. Spika ya 87 itataka wati 80 kufikia sauti ambayo ya 96 inaifikia kwa wati 10. Tena koili, yaani waya uliozungushwa unaoisukuma spika, ikipata moto, ukinzani wake unapanda, na mapigo makubwa ndiyo yanayobanwa. Ndiyo maana spika za Klipsch zenye honi bado zinasakwa, na za Tannoy zile zenye twita, spika ndogo ya sauti nyembamba, katikati ya wufa, ile kubwa ya besi, muundo ulioanza 1947. LS3/5A, spika ndogo iliyobuniwa na BBC, naipenda sana kwa sauti ya mtu, ila usikivu wake ni kama 83 tu. Muheme utaishinda.

Kwa nini mtumba? Kishindo kinataka boksi kubwa na sumaku nzito, na vikiwa vipya bei yake ni ya kiwanja. Boksi zuri la mbao halizeeki haraka. Kinachozeeka ni ukingo wa sponji unaozunguka wufa. Miaka 15 au 20 unageuka unga, na unyevu wa pwani unauharakisha. Niliwahi kununua jozi usiku, kwa taa ya simu, nikafika nayo nyumbani nikaigusa, kidole kikapenya. Iliniuma. Tangu siku hiyo navua kitambaa cha mbele mchana kweupe. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Sponji likiwa limekufa lakini koili nzima, fundi atabandika jipya. Punguza bei, nunua.

Bonyeza wufa taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili. Ikikwaruza, koili imepinda au vumbi limeingia, na vumbi la Dodoma mnalijua. Pima ukinzani kwa mita ya umeme: wufa ya omu 8 husoma kama 6, na muhimu zaidi, kulia na kushoto zilingane. Gusisha betri ya volti 1.5, chanya kwenye nyekundu: lazima wufa zote mbili zisukume upande uleule.

Chumba pia. Vigae, ukuta wa saruji, dirisha tupu: hapo hata spika ya kifalme itapiga kelele. Tandika zulia, tundika pazia zito, zisogeze spika mbali na kona.

Nimekuja na jozi mbili, na rekodi ya mwanamuziki Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma hii. Sikilizeni kila ulimi wa ilimba, ile marimba ya vidole, unavyoanza, halafu unavyokwisha. Kijana wa hapo nyuma, tuzimie feni tafadhali.