Ukipewa Sarafu ya Kumbukumbu Kwenye Chenji: Uitumie au Uiweke?

(Mhadhara uliotolewa Lindi mjini mbele ya wafanyabiashara wadogo na walimu)

Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu na kaka zangu mliofunga meza mapema ili mfike hapa, poleni na kazi, na ahsanteni kwa kuja.

Jambo hili linamkuta kila anayeshika chenji. Unahesabu mauzo ya jioni, na katikati ya majero na mia mia inatokea sarafu usiyoizoea. Ina mwaka wa zamani, au ina maandishi ya sherehe fulani. Mkono unasita. Kesho umrudishie nayo mteja, au uifunge kwenye leso?

Jibu langu nalitoa sasa hivi ili msisubiri: nyingi zitumieni. Chache ziwekeni. Na ziko nyingine ambazo si za kutumia, si za kuweka nyumbani, wala si za kuuza. Hizo ziko kwenye mkoa wetu huu, na nitazifikia.

Watu hudhani sarafu iliyotolewa kwa ajili ya sherehe lazima iwe adimu. Uadimu hauletwi na sherehe. Unaletwa na idadi iliyotengenezwa, na idadi iliyosalia ikiwa bado safi. Marekani walipotimiza miaka 200 ya taifa lao mwaka 1976, walitoa robo dola maalumu. Wananchi wakaziweka kwenye makopo wakiamini wajukuu watatajirika. Tatizo ni kwamba zilitengenezwa zaidi ya bilioni moja na nusu, na kila mtu akaweka yake. Leo, ukiondoa chache zilizotunzwa bila kuguswa, robo dola ile inanunua kitu cha robo dola. Sasa tazameni Uingereza. Mwaka 2009 walitoa peni 50 ya bustani ya Kew Gardens, wakatengeneza 210,000 tu. Hiyo wakusanyaji huinunua kwa mara nyingi ya thamani iliyoandikwa juu yake. Zote mbili ni za maadhimisho, zote zilipita mikononi mwa watu sokoni. Kilichozitenga ni idadi.

Kwetu nako zimo. Mwaka 1971 ilitoka shilingi tano ya miaka kumi ya Uhuru, na mwaka 1981 ikatoka shilingi ishirini ya miaka ishirini ya Uhuru. Wazee mlioko hapa mmezishika. Wakati ule wa 1971 dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi saba na senti kumi na nne, kwa hiyo shilingi tano ilikuwa hela ya kueleweka. Leo dola imepita shilingi 2,000. Aliyeitumia shilingi tano yake mwaka ule alipeleka kitoweo nyumbani. Aliyeiweka anayo kumbukumbu ya nchi yake, nami namheshimu kwa hilo, lakini asitegemee kwamba itamjengea nyumba. Mkusanyaji atampa kidogo, basi.

Nasema hivi kwa uzito kwa sababu sisi wa Kusini tuna desturi ya kuweka fedha ndani, hasa msimu wa korosho ukishalipa. Mnakumbuka Benki Kuu ilivyoziondoa noti za zamani, zile za mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya mia tano ya mwaka 2010. Muda wa kuzibadilisha ulianza Januari 6 na ukaisha Aprili 5, 2025. Baada ya hapo, kilichobaki kwenye sanduku hakikuwa fedha tena. Kwa hiyo ukiamua kuweka sarafu kwa sababu ni nzuri, weka moja, ile uliyo tayari kabisa kuipoteza kama fedha. Usiweke mtaji.

Ziko zisizopita sokoni kabisa. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu za uhifadhi wa wanyamapori: shilingi 25 yenye twiga, shilingi 50 yenye faru, na ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye duma. Zililengwa kwa wakusanyaji tangu mwanzo. Ukiikuta moja kwenye kasha la marehemu babu, usiipeleke dukani kununulia sukari.

Halafu kuna rupia na heller, fedha za enzi za utawala wa Mjerumani hapa kwetu. Hapa naomba vijana mnisikilize vizuri, maana watu wetu wanaibiwa. Heller za shaba zilitengenezwa kwa mamilioni, ndiyo maana hadi leo mtu analima anazikuta. Ya kawaida, iliyochakaa, haina utajiri wowote. Zenye thamani kubwa zinajulikana: mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walifua sarafu Tabora, na miongoni mwake ilikuwamo ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, zipatazo 16,000 tu. Sasa ujumbe unaingia kwenye simu yako: "Tunanunua rupia kwa milioni hamsini, tuma kwanza ada ya usajili." Mnunuzi wa kweli hukulipa wewe. Anayekutaka utoe kwanza, mfute.

Nafika Kilwa sasa, na hapa sina haraka.

Karne nyingi kabla ya shilingi na rupia, masultani wa Kilwa walifua sarafu zao za shaba. Upande mmoja kuna jina la sultani, upande wa pili kuna maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zinapatana kwa vina. Fikirini: mtu analipia samaki au nguo kwa kipande cha ushairi! Hazina mwaka juu yake, kwa hiyo wataalamu hutegemea majina ya masultani na mahali sarafu ilipolala ardhini. Moja imepatikana Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale wa mawe nchini Zimbabwe. Tano ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko.

Mwelewe basi kwa nini nasema hizi si zako hata kama umeziokota wewe. Jero uliyopewa kwenye chenji ni mali yako, fanya utakalo. Kitu kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1863 kinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na anayekigundua anapaswa kutoa taarifa. Lakini hata sheria isingekuwapo, ningewaomba vilevile. Sarafu ya Kilwa ikichimbuliwa ikauzwa kimyakimya kwa mgeni, tunachopoteza ni kujua ililala wapi, kwenye tabaka gani la udongo, kando ya vyungu gani. Habari hiyo hairudi hata ukiinunua tena sarafu yenyewe. Mvua ikiifunua ufukweni, iacheni palepale, pigeni picha, mkatoe taarifa kwa watu wa Mambo ya Kale pale Kilwa au kwa afisa utamaduni wa wilaya.

La mwisho ni utunzaji, kwa mtakaoweka chache za siku hizi. Msizisugue. Si kwa ndimu, si kwa majivu, si kwa mchanga. Sarafu iliyosuguliwa inang'aa, lakini mkusanyaji huiona mara moja na bei inaanguka. Ishikeni kingoni. Hewa yetu ya bahari ina chumvi na unyevu, kwa hiyo bahasha kavu ya karatasi ni bora kuliko ile mifuko laini ya plastiki, ambayo baadhi yake huifanya shaba iote ukijani. Andikeni juu ya bahasha mliipata wapi na lini.

Mliokuja na sarafu zenu, zileteni kwenye meza hii ya mbele tuzitazame moja moja.