Nyanya Ni Tunda, Lakini Muhimu Zaidi Ni Jinsi Linavyoiva

REHEMA: Karibuni tena. Leo tunayapanga matunda na mboga katika makundi yake. Kaka Juma, tuanze na ubishi wa siku zote: nyanya ni tunda au mboga?

JUMA: Kibotania, yaani kwa elimu ya mimea, tunda ni ovari ya ua (sehemu inayobeba mbegu) iliyokua. Kwa kipimo hicho nyanya, tango, bamia, bilinganya na boga yote ni matunda. Mpishi yeye anaangalia ladha na nafasi yake kwenye mlo. Mwaka 1893 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua nyanya itozwe ushuru kama mboga, kwa sababu ndivyo watu wanavyoila, huku ikikubali kwamba kibotania ni tunda.

REHEMA: Na mboga je? Maana kibotania hakuna kundi la jina hilo.

JUMA: Hakuna. Unauliza tu ni sehemu gani ya mmea inayoliwa. Karoti ni mzizi, mchicha ni majani, brokoli ni vitumba vya maua. Kitunguu kikate kwa urefu: tabaka zote zimeshikana chini kwenye kisahani kigumu. Kisahani hicho ndicho shina. Tabaka ni majani yaliyonenepa.

REHEMA: Viazi ndivyo huwachanganya watu.

JUMA: Sana! Kiazi kitamu ni mzizi. Kiazi mviringo ni shina, na macho yake ni machipukizi, ndiyo maana kipande chenye jicho kinaota. Kikikaa kwenye mwanga hugeuka kijani, na sumu ya solanini huongezeka.

REHEMA: Kwangu mimi, mgawanyo unaookoa chakula ni wa kuiva. Ndizi, embe, parachichi, papai na nyanya, zikishakomaa, huendelea kuiva hata baada ya kuchumwa, zikitoa gesi ya ethilini. Chungwa, nanasi, zabibu na stroberi ukizichuma mapema, haziongezi utamu tena.

JUMA: Shikilia hapo kwenye “zikishakomaa”. Embe changa hunyauka tu na kubaki na ugwadu.

REHEMA: Kuivisha parachichi, liweke na ndizi mbivu moja ndani ya mfuko wa karatasi, ukunje mdomo, uache kwenye joto la nyuzi 20 hivi. Kagua kila siku. Mfuko wa nailoni hapana, unyevu hukwama na ukungu huota. Likianza kubonyea karibu na kikonyo, lihamishie kwenye friji.

JUMA: Ndizi mbichi zisiingie friji kabisa. Chini ya nyuzi 13 hivi ganda huwa jeusi-jeusi na ndani haziivi vizuri. Tena ethilini hiyohiyo huharibu jirani: tango huwa manjano, karoti huwa chungu. Kila kundi na kapu lake.

REHEMA: Tikitimaji?

JUMA: Hilo litafute likiwa limeshaiva. Geuza uone doa lililolalia ardhi: manjano iliyokolea, chukua, jeupe, liache.