Kufundisha Vijana Kutambua Spishi kwa Simu: Makosa Huanzia Kwenye Picha

Walimu wenzangu, makosa mengi ya utambuzi tunayoilaumu iNaturalist, programu ya simu inayopendekeza jina la kiumbe kutokana na picha, huwa yameshatokea kabla haijafunguliwa. Kijana huona ua, hulipiga picha moja kutoka juu, basi. Ua peke yake mara nyingi halitoshi. Mmea unataka picha nne au tano: mmea mzima, ua kwa mbele na kwa ubavu, jani juu na chini, kisha pale jani linaposhikana na shina, ili ionekane kama majani yanatazamana au yanapishana. Uyoga upigwe chini ya kofia na kwenye kitako cha shina. Mdudu apigwe mgongoni, ubavuni na usoni. Simu ikikataa kulenga jani jembamba, kiganja kiwekwe nyuma yake.

Picha hizo zote ziingie kwenye rekodi moja ya kiumbe kimoja. Zisipitie WhatsApp kwanza, maana picha zikitumwa kwa njia ya kawaida hupoteza taarifa za mahali na muda.

Kabla ya kugusa mapendekezo, kila kijana aandike sifa tatu alizoziona. Msiliruke hili hata kipindi kikiwa kifupi. Somo lenyewe liko hapa. iNaturalist hupendekeza kwa kulinganisha na picha ilizofunzwa na yaliyokwisha kuonekana karibu na hapo. Spishi yenye picha chache inaweza isitajwe kabisa, na jamaa yake anayejulikana zaidi akashika nafasi ya kwanza. Aliyeandika "majani yanatazamana" atalikataa pendekezo lenye majani yanayopishana. Aliyebofya la kwanza hajatambua kitu.

Sifa zikiishia kwenye jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu), aishie kwenye jenasi. Hilo ni jibu kamili, lipeni alama zote.

Angalieni sana wanafunzi wanaokubaliana kirafiki. Watu wawili wakitaja spishi ileile, rekodi yaweza kupanda daraja la utafiti (Research Grade) na, leseni ikiruhusu, kupelekwa GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya rekodi za viumbe, ambako watafiti huichukua kama ilivyo. Anayekubali aeleze ameona nini. Wanyama wa kufugwa na mimea iliyopandwa vitiwe alama kwamba si vya porini.

Walio chini ya miaka 13 huhitaji ridhaa ya mzazi kufungua akaunti ya iNaturalist. Seek, programu nyingine ya iNaturalist, haidai akaunti. Rekodi za nyumbani zifichwe mahali pake: ramani huonyesha nukta ya kubahatisha ndani ya eneo la nyuzi 0.2 kwa 0.2 za latitudo na longitudo.