Soma Kibandiko Kabla Hujalipa

Hamjambo. Mliosimama nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele. Hicho kiboksi cheusi kilicho juu ya kiti kiondoeni tu, hakiumi tena. Nitakieleza.

Mwenyeji wetu amesema nimekuja kuwaambia mnunue kadi gani ya grafiki, ile inayochora picha, mkitaka kujifungia kompyuta ya gemu. Kila ninapoalikwa ndilo swali la kwanza, na kila mara naliweka kiporo. Kwanza nijibuni mimi: nani hapa ana skrini tayari? Wewe mdogo wangu mwenye shati la bluu. Inchi 24? Sawa, lakini inchi hazinisaidii. Ina vidoti vingapi, na Hz ngapi? Haya: 1080, Hz 60.

Tupige hesabu. Skrini yako ni vidoti 1920 kwa 1080, zaidi kidogo ya milioni 2. Ile ya 2560 kwa 1440 ina milioni 3.7. Ya 4K ina milioni 8.3, mara nne kamili ya yako. Kila fremu moja, yaani kila picha moja, kadi inavipaka rangi vidoti vyote hivyo upya. Na hiyo Hz 60 maana yake skrini inabadili picha mara 60 kwa sekunde, basi. Ukiifungia kadi inayotoa fremu 150 kwa sekunde, nyingi zimepikwa na hakuna wa kuzila. Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujaiota kadi ya bei mbaya, ama badilisha skrini iwe ya Hz 144, ama nunua kadi ya saizi yako. Kadi ya RX 6600 ya AMD, yenye kumbukumbu ya GB 8, ilitengenezwa kwa 1080 na inaitosha vizuri. Pesa inayobaki ina kazi nyingine, tutaiona sasa hivi.

Na aliyekwisha nunua skrini ya Hz 144 akirudi nyumbani aingie kwenye mipangilio ya Windows aangalie. Nimeona watu wamekaa mwaka mzima na skrini ya 144 inayoonyesha 60, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba inabadilishwa kwa mkono.

Prosesa (ubongo wa kompyuta), ubao mkuu unaobeba vifaa, ramu (kumbukumbu ya muda) na diski nitavipitia haraka, maana hapo makosa ni machache. Leo natumia mfano wa prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600: koa 6, yaani vichwa sita vya kufanyia kazi, wati 65, na ya boksi huja na feni yake. Inakaa kwenye soketi, yaani tundu la ubaoni, ya AM4, na ramu yake ni DDR4. Ukichukua familia mpya ya AM5, ramu lazima iwe DDR5. Ramu hizi mbili haziingiliani hata kwa nyundo. Ule mkato wa chini ya ramu umewekwa mahali tofauti. Ukinunua ubao wa B450 wa mtumba, muulize muuzaji kama BIOS, ile programu ndogo ya ubao inayoamsha mashine, imesasishwa, la sivyo prosesa haitatambuliwa na utadhani umeuziwa mbovu. Kwa upande wa Intel, angalieni herufi ya mwisho. Prosesa ya Core i5 12400F, kwa mfano, haina grafiki ya ndani. Bila kadi, skrini inabaki nyeusi kama kiza cha mgao wa umeme.

Ramu nunua vipande viwili vya GB 8, usinunue kimoja cha 16. Prosesa inasoma vyote viwili kwa pamoja, ni kama kuchota maji kwa ndoo mbili. Ubao ukiwa na nafasi nne, tumia ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio unaoipa ramu kasi yake kamili, maana ramu ya kasi ya 3200 usipoiamsha inaweza kutembea kwa 2133 au 2400. Diski iwe SSD, ile ya kasi isiyo na sahani inayozunguka. Hapo sina mjadala na mtu.

Sasa leteni kile kiboksi.

Hii ni pawa saplai, inayolisha kompyuta nzima umeme. Mashine yangu ya kwanza niliyoifunga mwenyewe ilikuwa mwaka 2017, na kasha nililonunua lilikuja nayo ndani, ya bure. Juu imeandikwa "600W" kwa maandishi makubwa ya dhahabu. Nilifurahi kama mtu aliyeongezewa nyama kwenye sahani. Geuza ubavuni, mdogo wangu, usome kibandiko. Tafuta mstari wa +12V. Umeandikwa nini? Ampea 18. Prosesa na kadi ya grafiki vyote vinakula kwenye mstari huo wa volti 12. Zidisha: 12 mara 18 ni 216. Wati 216! Zile 600 ziko kwenye rangi ya dhahabu tu. Hii nyingine, ya wati 550 kweli, soma: ampea 45. Mara 12 ni 540. Hii ndiyo hesabu ninayotaka mtoke nayo humu ndani, na mnaweza kuifanya mmesimama dukani, Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, muuzaji akiwaangalia kwa jicho baya.

Uzito nao unasema. Shika hii, kisha shika hiyo. Eeh. Ile ya bure ni kama kopo tupu.

Hiyo alama ya 80 Plus Bronze inaeleza umeme kiasi gani unapotea kuwa joto. Haikuambii kama ulinzi wa ndani ni mzuri, ingawa pawa saplai isiyo na alama yoyote mimi siigusi. Mfano wetu hauhitaji makubwa. RX 6600 inakula wati 132, prosesa 65 na zaidi kidogo ikikazana, ongeza feni na diski: hujafika 300. Ya 550 inatosha na inapumua. Anayekuuzia ya wati 1000 kwa mashine hii anakuuzia godoro la sita kwa sita kwa kitanda cha tatu.

Mnataka kujua ile ya bure ilikufaje? Angalieni nyuma, hapa pana swichi nyekundu. Upande mmoja 115, mwingine 230. Umeme wetu ni volti 230. Iliwekwa 115, na sikujua hata kama swichi ipo. Ikadhani inaletewa umeme wa nusu, ikaukuza mara mbili. Nilipobonyeza: paa! Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Kapasita zilipasuka, na ile harufu ilikaa kwenye pazia siku tatu. Ubao ulipona, namshukuru Mungu, ila muuzaji alikataa kuipokea, akasema nimeiunguza mwenyewe. Nami siwezi kusema alidanganya. Pawa saplai nyingi nzuri za leo hazina swichi hiyo, zinajipima zenyewe. Ukiiona swichi, isogeze kabla ya kitu chochote kingine.

Na waya za pawa saplai moja usizihamishie kwenye nyingine, hata kama plagi inaingia barabara. Upande unaochomekwa kwenye boksi la pawa saplai kila kampuni hupanga pini inavyotaka. Utaunguza diski zote kwa sekunde moja.

Dada anauliza: kama pesa ya kadi haijapatikana? Swali zuri. Chukua 5600G badala ya 5600. Ina grafiki ndani yake, utacheza gemu nyepesi huku ukidunduliza, na kadi utaichomeka baadaye. Hapo vipande viwili vya ramu si hiari tena, maana grafiki ya ndani inaazima ramu hiyohiyo.

Mtumba? Ndiyo, mimi mwenyewe nanunua. Septemba 2022 Ethereum, sarafu ya kidijitali, iliacha kuchimbwa, yaani kutengenezwa kwa hesabu za kompyuta, kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokesha migodini zikaingia sokoni. Kukesha peke yake hakuui kadi. Angalia feni na pedi za kupoozea. Usikubali kuonyeshwa desktopu ya Windows tu, huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Omba gemu nzito iende robo saa, sikiliza feni, angalia kama kuna vimeta au mistari ya rangi. Muuzaji akisema hana muda, na wewe huna pesa.

Wa mwisho, kijana wa pembeni: taa za rangi? Weka, ni chumba chako. Ila zisitoke kwenye fungu la pawa saplai.

Haya, vifaa vyote viko hapa mezani. Nani ana bisibisi ya nyota, namba 2? Njoo mbele. Gusa kwanza chuma cha kasha, umeme tuli ukutoke mwilini, kisha tufungue boksi la prosesa.