Mgeni Akiuliza Aje na Bunduki Gani: Bunduki za Wenzo katika Mapori ya Ruaha

Kamwene, ndugu zangu. Nawashukuru wenyeji wetu hapa Iringa kwa kutukusanya kabla msimu haujafunguliwa Julai, maana tukishaingia kwenye vitalu vya uwindaji hakuna tena nafasi ya kukaa na kuongea.

Nimeombwa nizungumzie bunduki za wenzo, zile ambazo nyuma ya kifyatulio pana chuma cha kushika: unakisukuma chini, unakirudisha juu, ganda linatoka na risasi nyingine inaingia. Wageni wengi wanaokuja kuwinda, hasa Wamarekani, wamekua nazo nyumbani kwao. Wanatuandikia mapema kuuliza waje na ipi, na wengi wetu tunajibu, "Njoo na unayoipenda." Jibu hilo halimsaidii mgeni, na mnyama ndiye anayeteseka. Mrudishieni maswali mawili: unakuja kuwinda nini, na umezoea kupiga kwa umbali gani?

Kuhusu umbali, sisi wa huku tuna historia yetu. Pale Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha kamanda Mjerumani Zelewski kilikuwa na bunduki za kisasa na mizinga. Wahehe walijificha mpaka safu ikafika karibu kabisa, wakatoka na mikuki, na askari wengi hawakuwahi kufyatua zaidi ya risasi moja au mbili. Bunduki zilikuwa nzuri, lakini mapigano hayakuwa ya umbali wake.

Sasa tazameni mapori yetu. Kuanzia Idodi na Pawaga mpaka Rungwa, sehemu kubwa ni miombo na vichaka vya miiba. Mfuatilia nyayo anasimama, anakunja kidole, na tandala yuko mita sitini nyuma ya matawi, unaona sikio na kipande cha bega tu. Hapo bunduki ya wenzo inafanya kazi iliyoumbiwa. Ni fupi, haikwami kwenye miti, na mzoefu anakoki, yaani anaingiza risasi nyingine, bila kuishusha begani. Mgeni wa mkono wa kushoto anaitumia sawasawa na wa kulia, jambo ambalo bunduki nyingi za bolti, zile za komeo la kuvuta kwa mkono, haziwezi. Lakini mpeleke mgeni huyo huyo kwenye mbuga za wazi kuelekea Usangu, mnyama akiwa mita mia mbili na zaidi, utaona anaanza kukisia.

Chukueni aina ya risasi iitwayo .30-30, iliyotoka mwaka 1895 kwa ajili ya Winchester ya mfano wa 1894 aliyoibuni John Browning. Kichwa chake, yaani kipande kinachoruka, kina gramu 11 hivi na kinatoka kwa kasi ya mita 670 kwa sekunde. Ukiilenga sawasawa kwa mita mia, ikifika mita mia mbili imeshashuka zaidi ya sentimita 20. Kwa swala pala, hapo umemvunja mguu badala ya kumpiga moyo. Mimi naikubali kwa ngiri na swala pala ndani ya mita mia moja na ishirini. Kwa tandala mkubwa naikubali kwa kusitasita: awe karibu, amesimama ubavu, na mpigaji awe mtulivu. Kwa pofu au palahala, hapana.

Kuna sababu ya vichwa vyake kuwa butu. Bunduki nyingi za aina hii hubeba risasi ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, zimepangana kama abiria kwenye foleni ya daladala, pua ya wa nyuma ikigusa mgongo wa wa mbele. Pua ikiwa kali, mshtuko wa kufyatua unaweza kuigongesha kwenye kiwashio cha risasi iliyo mbele, na bomba likalipuka mkononi mwa mtu. Kwa hiyo mgeni akifungua boksi na ukaona vichwa vilivyochongoka, mwulize bunduki yake ni ipi. Ipo risasi ya kampuni ya Hornady yenye ncha laini ya mpira iliyotengenezwa kwa bomba hilo, hiyo ni salama. Bunduki ya wenzo ya Browning BLR nayo ina magazini ya kawaida, inakula .308 na .30-06 zenye ncha kali bila tatizo. Mgeni anayetaka wenzo na pia anataka tandala na palahala, mimi namwambia aje na BLR ya .30-06. Tena .30-06 ni risasi anayoweza kuazima kwa mwenzake kambini mzigo wake ukipotea njiani. Ya .45-70, risasi nene ya zamani, ataiazima kwa nani?

Nikae kidogo kwenye wanyama hatari, maana hapa ndipo watu wanapokufa. Kanuni zetu zinataka kaliba, yaani kipenyo cha mtutu, isiyopungua .375 ya inchi kwa nyati, simba na tembo. Mgeni atakwambia .45-70 yake ina kipenyo kikubwa kuliko .375, na ni kweli. Lakini risasi hiyo ilizaliwa 1873: kichwa cha gramu 26 kikienda mita 400 hivi kwa sekunde. Risasi ya .375 Holland & Holland inapeleka gramu 19 kwa mita 770 kwa sekunde, na inachimba. Nyati ana ngozi nene na mbavu pana, na akija anakuja ameinua pua, unatakiwa kupita kwenye mfupa. Zipo risasi za kisasa za .45-70 zenye nguvu na kichwa kigumu, na wapo walioangusha nyati kwazo. Zinataka bunduki mpya imara. Mtu akiziweka kwenye bunduki ya babu yake anajihatarisha yeye na aliye pembeni yake.

Wengine watamtaja Theodore Roosevelt, aliyekuja Afrika Mashariki mwaka 1909 na Winchester ya 1895 ya kaliba .405, akaipenda sana kwa simba. Sawa. Ila huyo huyo alikuwa na Holland ya mitutu miwili, na kwa tembo ndiyo aliyoitegemea. Mwindaji bingwa anayesimama nyuma ya mgeni mwenye wenzo mbele ya nyati ajue kwamba bunduki yake yeye ndiyo ya kazi.

Sasa kambini. Vumbi la Septemba mnalijua, linaingia mpaka ndani ya sukari. Marlin, aina nyingine ya bunduki ya wenzo, unalegeza skrubu moja, unatoa wenzo na bolti, unapitisha fimbo ya kusafishia kutoka nyuma. Winchester ya zamani unaisafishia mdomoni mwa mtutu, na ukikosea unakwaruza mahali ambapo risasi inatokea. Kwa safari ya wiki mbili za mahema, mimi nachagua Marlin.

Linaloniumiza zaidi ni bunduki inayodhaniwa haina kitu. Ya bolti unaivuta, unaona shimo. Ya bomba inaweza kuficha risasi moja ndani na wewe umeshaiegemeza kwenye mti wa jikoni. Kwa hiyo gari lisimame nje ya kambi. Mtutu uelekee kwenye kichuguu, kidole kitoke kabisa kwenye kifyatulio, koki taratibu mpaka hakuna kinachodondoka. Kisha acha wenzo wazi, ingiza kidole kidogo kwenye mlango wa kulishia ubavuni. Ukigusa mviringo wa shaba, bado. Ukigusa kisukumio cha risasi, hesabu risasi zilizodondoka, zilingane na ulizoweka asubuhi. Dereva afanye hivyo, mpishi naye ajue, kwa sababu ndiye anayezisogeza anapotandika meza. Koki ya nusu, yaani nyundo ikiwa imevutwa nusu tu, isihesabiwe kuwa ni usalama; chemba, mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, iwe tupu.

Nimeleta Marlin moja na Winchester moja, zote nimezikagua mbele ya mwenyekiti, pamoja na risasi za bandia. Tutoke nje sasa, mkae upande huu wa mtutu, na kila mmoja aingize kidole chake pale mlangoni mpaka ajue tofauti ya shaba na kisukumio akiwa amefumba macho.