Maji Yapewe Njia: Jiwe, Boriti na Mwamba wa Mji Mkongwe

ZUHURA: Assalamu alaikum, wasikilizaji. Leo tumo Unguja mjini, na tunaanzia mahali ambapo macho ya wengi hayatui: ile mita moja ya chini ya ukuta, pale nyuma ya baraza, rangi inapobanduka na chumvi nyeupe ikachanua kama unga. Maalim Athman, ukiliona hilo unauliza nini?

ATHMAN: Wa alaikumu salaam, Bi Zuhura. Nauliza ukuta huo ulipigwa lipu ya saruji lini. Maana ukuta wa Mji Mkongwe kwa asili ni mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na udongo mwekundu, unene wake sentimita 50 hadi 60. Mawe hayo yana vitundu. Yanafyonza maji kutoka ardhini, kisha maji yanatoka nje kupitia lipu ya chokaa na kukauka kwa upepo. Ukuta unakunywa na kutoa jasho kila siku. Sasa ukiuziba kwa saruji, maji bado yanapanda, ila hayana pa kutokea.

ZUHURA: Na yanapanda na chumvi yake.

ATHMAN: Ndiyo. Chumvi ikikauka nyuma ya saruji inaganda, inavimba, inasukuma. Lipu inatoa mlio wa debe tupu ukiigonga, halafu inaanguka vipande, tena inaondoka na ngozi ya jiwe. Mwenye nyumba anaona aongeze saruji, safari hii nene zaidi na juu zaidi. Unyevu unapanda kuifuata. Ukifika usawa wa dari ya ghorofa ya chini, umefika kwenye vichwa vya boriti, na hapo tena si suala la rangi.

ZUHURA: Tukae hapo kwenye boriti, kwa sababu ndipo mji na bahari vinaposhikana. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba, upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi, na urefu wowote mtu aupendao. Upana umeamuliwa na mti: mkoko unatoa nguzo iliyonyooka ya kiasi hicho, basi. Ndiyo maana vyumba vya zamani vya Muscat na Kuwait vinalingana na vya Unguja na Lamu. Majahazi yalikuwa yakirudi huko na upepo wa kusi yamebeba miti hiyo hiyo.

ATHMAN: Na biashara ile ilikuwa na majina yake, ambayo kule Lamu na Mombasa bado yanatumika. Fito ina kipenyo cha sentimita 2.5 hadi 3.5 kwenye shina, pau ni 4 hadi 7.5, mazio 8 hadi 11, boriti 11.5 hadi 13.5, na nguzo inaanzia 14. Kwa hiyo fundi akisema boriti, anasema kipimo. Anayekuletea mazio kwa bei ya boriti amekupunguzia nguvu ya dari.

ZUHURA: Juu ya boriti wanapanga mawe bapa, kisha wanamwaga zege ya chokaa na kokoto za matumbawe, wanaipondaponda mpaka ishikane. Mti wa mkoko wenyewe ni mgumu na unadumu muda mrefu sana ukiwa mkavu. Katikati ya chumba mara nyingi utaukuta mzima. Kinachooza ni kile kipande cha sentimita 20 au 30 kilichomo ndani ya ukuta, hasa kwenye ukuta wa nje uliopigwa saruji au ule ambao gata ya paa inauchuruzikia. Mchwa nao hufuata unyevu.

ATHMAN: Kikioza kichwa tu, usiing'oe dari nzima. Weka tegemeo pande zote mbili za ukuta kwanza. Kisha kata kilichooza, weka mhimili wa mbao ngumu kando ya ukuta, ukae juu ya mawe yaliyotokeza, ubebe boriti kabla hazijaingia ukutani. Ukilazimika kubadilisha, badilisha moja moja. Na kichwa kipya kiachie nafasi ya hewa pembeni, usikizungushie saruji.

ZUHURA: Wapo watakaosema, kwa nini nisiweke zege na nondo tukamaliza?

ATHMAN: Kwa sababu ya chuma, Bi Zuhura. Hewa ya Mizingani na Shangani, mitaa ya ufukweni, ina chumvi. Nondo ikipata kutu inavimba, maana kutu inachukua nafasi mara mbili na zaidi ya chuma kilichoizaa, na zege inapasuka kutokea ndani. Halafu ili umwage zege hiyo lazima utoboe ukuta wa mawe na chokaa mstari mzima. Umeukata kiuno.

ZUHURA: Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la Forodhani, ilijengwa na Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, mwaka 1883, ina nguzo za chuma, na sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 ukarabati ukiwa unaendelea. Watu wawili walifariki. Hatutazungumzia chanzo hapa. Ninachotaka msikilizaji ashike ni kwamba jengo refu, zee, lililo ufukweni, linapaswa kutegemezwa na kukaguliwa kabla nyundo ya kwanza haijapigwa. Hilo linahusu nyumba ya mtu binafsi kule mtaa wa Malindi, hapa hapa mjini, vilevile.

ATHMAN: Naam. Tuje kwenye chokaa.

ZUHURA: Taratibu hapa, maana watu wanaharibu palepale. Chokaa iliyotoka tanuuni, yaani mawe ya matumbawe yaliyochomwa, unaizima kwenye shimo au pipa. Maji kwanza, chokaa baadaye, kidogo kidogo. Kipimo kimoja cha chokaa kwa maji vipimo 2 hadi 3. Ukimwaga maji juu ya rundo la chokaa linalipuka na kurusha uji unaochemka. Miwani ya macho na glavu ni lazima, na watoto wasiwepo karibu. Ikishapoa, chekecha kwa wavu wa milimita 3, iache chini ya maji. Wiki chache ni uchache wake, miezi ni bora. Vipande visivyozimika vikibaki ndani ya lipu vitakuja kuzimika ukutani na kurusha vijitundu.

ATHMAN: Na siku hizi matumbawe hai hayavunjwi kwa kazi hii.

ZUHURA: Hayavunjwi. Jiwe linatoka mashimo ya nchi kavu, matumbawe ya kale. Na kuni za tanuu zisitoke kwenye mikoko, vigogo vya minazi iliyokufa vinafanya kazi vizuri. Kwa lipu, karai 1 la chokaa kwa makarai 3 ya mchanga. Mchanga usiwe wa pwani. Hilo nalirudia kila ninapoulizwa: mchanga wa pwani una chumvi, na kuuchukua kunaila fukwe inayokulinda. Tumia mchanga wa shimo wenye punje za kuchanganyika, kubwa na ndogo.

ATHMAN: Nami niongeze ya kabla ya lipu. Saruji ya zamani itolewe kwa tindo na nyundo ndogo, si kwa mashine, mashine inatikisa mawe ya ndani. Ukuta uachwe wazi ukauke. Ukuta mnene namna hii hauhesabiwi kwa siku, ni miezi, na kiangazi cha kaskazi kikusaidie. Chumvi ikiwa nyingi, piga lipu ya kwanza ya chokaa laini, nyepesi, ya kutupwa. Itavuta chumvi. Baada ya miezi kadhaa ing'oe, uiondoe kabisa kwenye kiwanja, usiichanganye tena na mota. Ndipo upige ya kudumu.

ZUHURA: Tabaka kwa tabaka, kila moja milimita 10 hivi. Lowesha ukuta kwanza. Halafu kivuli: funika kwa magunia yaliyoloweshwa, nyunyiza asubuhi na jioni kwa wiki nzima angalau. Chokaa haigandi kwa kukauka, inaganda kwa kuvuta hewa polepole huku ina unyevunyevu. Jua la saa nane likiipata mbichi, inapasuka kama matope ya bwawa, na baada ya mwezi ukipitisha kiganja inatoka vumbi. Mafundi wengi waliozoea saruji wanailaumu chokaa, kumbe haikulelewa.

ATHMAN: Juu yake upake chokaa ya maji. Rangi ya plastiki ni saruji nyingine, imepakwa kwa brashi.

ZUHURA: Sasa tutoke nje, tushuke njiani. Ukisimama Darajani leo huoni daraja. Jina limebaki kwa sababu pale palikuwa na mkono wa bahari ulioingia ndani na kuutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Bamvua, yale maji makubwa ya bahari, lilipojaa, maji yaliingia mle, na mvua ya masika ilitokea mle. Mkono ule ulifukiwa katika karne ya 20, lakini ardhi haijasahau. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanarudi kutafuta bonde lake.

ATHMAN: Ndiyo kesi ile ile ya ukuta. Na ikikutana mvua na bamvua ni balaa zaidi. Tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja inafika karibu mita 4 wakati wa bamvua. Mfereji wa mvua unaotokea baharini, mdomo wake ukiwa chini, bahari inaufunga kwa saa kadhaa. Bila mlango wa kuzuia maji yasirudi, bahari inapanda nao kuingia mtaani.

ZUHURA: Na kwenye vichochoro kuna kosa dogo lenye madhara makubwa: kuweka tofali mpya za njia juu ya za zamani. Njia inapanda sentimita 10, kizingiti cha mlango kinabaki chini, maji yanaingia ukumbini. Anayetengeneza njia achimbe kwanza, ateremshe usawa, aipe mteremko wa kwenda mferejini mbali na kuta. Tofali zipangwe juu ya mchanga ili mvua ipenye baina yake, zisifungwe kwa saruji.

ATHMAN: Karo nazo, yaani mashimo ya maji ya vyoo. Karo inayovuja chini ya nyumba inaulisha ukuta wako unyevu wenye chumvi mbaya kuliko ya bahari, inayofyonza maji hata hewani. Na maji hayo hayo yakifika pwani yanarutubisha mwani unaofunika matumbawe. Kosa moja, majeruhi wawili.

ZUHURA: Basi tuingie majini. Utafiti wa mwaka 2014 uliokusanya vipimo kutoka bahari ya Hindi, Pasifiki na Atlantiki ulikuta miamba ya matumbawe inapunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97. Ukuta wa pwani wa Mizingani na Forodhani unapigwa na kile tu kilichobaki. Na miamba yetu iliumia kwa joto mwaka 1998, ikaumia tena 2016. Joto hatulizuii sisi kwa mikono yetu ya mtaani, ila mwamba unaopokea maji safi unapona upesi kuliko ule unaonyweshwa maji ya vyoo.

ATHMAN: Chumbe ni mfano wa karibu. Kisiwa kidogo kusini ya mji, kina mnara wa taa wa mwaka 1904, na mwamba wake umefungwa usivuliwe tangu miaka ya 1990. Nyumba za wageni pale zinakinga maji ya mvua na vyoo havimwagi kitu baharini. Nanga haitupwi, chombo kinafungwa kwenye boya. Hilo la boya peke yake lingeokoa mengi karibu na visiwa vya Bawe na Changuu, ambako vyombo vya watalii vinajaa kila siku.

ZUHURA: Tumalizie mikoko, maana watu wana moyo wa kupanda, na mikoko inakufa kwa wingi mikononi mwa watu wenye moyo.

ATHMAN: Inakufa kwa sababu inapandwa pasipo pake. Watu wanachagua tope tupu la mbele kwa kuwa halina mwenyewe. Tope hilo lipo tupu kwa sababu limezama mno. Kipimo rahisi: bahari ikiwa imefika nusu ya kujaa, mguu wa mche usiwe umezama. Chini ya hapo hauponi. Wala usipande juu ya majani ya bahari, utaharibu malisho ya samaki kwa ajili ya msitu usioota.

ZUHURA: Na kila aina ya mti wa mikoko na daraja lake.

ATHMAN: Mbele kabisa, upande wa bahari, mlilana, nyuma yake mkoko wenyewe, kisha mkandaa kuelekea nchi kavu. Mchu unavumilia, utaukuta mbele na utaukuta nyuma. Mkoko, tunda lake linachipua lingali mtini na kutoa kijiti kirefu cha kijani. Chukua kile kilichopata pete ya manjano pale kinapoungana na tunda, hicho kimekomaa. Kiweke kivulini, kibichi, ukipande ndani ya siku chache. Kisimamishe wima, robo hadi theluthi yake iingie topeni, ncha iliyochongoka chini. Nafasi ni mita 1 kila upande. Chipukizi la juu lisiguswe, likivunjika umepanda fimbo.

ZUHURA: Lakini kabla ya kupanda hata kimoja, tazama maji. Maruhubi, kando ya magofu ya kasri la Barghash, au popote penye mikoko karibu na mji: je, kijito kimezibwa na barabara, kifusi, taka? Ukifungua njia ya maji, mara nyingi mbegu zinakuja zenyewe na bamvua, na zinajichagulia mahali kuliko sisi. Kalvati moja lililowekwa kwa usawa sahihi linaweza kurudisha msitu ambao miche elfu isingeurudisha.

ATHMAN: Na msitu huo utoe boriti, Bi Zuhura. Anayetaka nyumba za mawe zibaki anahitaji mikoko inayokatwa kwa zamu na kwa kibali, si mikoko iliyofyekwa wala mikoko ya kutazamwa tu. Fundi asipopata boriti halali ataweka zege.

ZUHURA: Tumebakiwa na dakika moja. Masika inaanza Machi. Mwenye nyumba afanye nini Februari?

ATHMAN: Apande juu ya paa. Asafishe gata, aangalie mabati yaliyotoboka na pale paa linapoungana na ukuta wa jirani, pale ndipo panapovuja zaidi. Ateremke, atafute miche ya mti uitwao mtini iliyoota ukutani, aing'oe ingali changa, maana mizizi yake inagawa ukuta. Halafu achukue tochi na bisibisi, apite dari kwa dari, aidunge kwa bisibisi kila boriti pale inapoingia ukutani. Ikigoma, aendelee. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, aweke tegemeo siku hiyo hiyo, na chumba cha juu yake kihamwe.