Boyne ya Hawa, Limerick ya Wale

Ndugu wasikilizaji, ukifika Belfast, Ireland ya Kaskazini, usiku wa tarehe 11 Julai utakuta mioto mikubwa imewashwa mitaa ya Waprotestanti. Kesho yake ni gwaride la Chama cha Orange, chama cha Waprotestanti wa huko: kitambaa cha rangi ya chungwa shingoni, bendi za filimbi, na huko mashambani ngoma ya Lambeg, iliyowambwa ngozi ya mbuzi pande zote mbili na kupigwa kwa henzirani.

Wanaadhimisha Mapigano ya Mto Boyne, nchini Ireland, ya 1690, ambapo Mfalme William wa Tatu, Mprotestanti, alimshinda James wa Pili, Mkatoliki aliyeng'olewa kwenye kiti cha Uingereza. James huyo alikuwa mjomba wake, tena baba mkwe wake! Na msidhani ilikuwa vita ya dini tupu. Hispania na Austria, za Kikatoliki, zilikuwa upande wa William, kwa kumhofia Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa, aliyempa James askari.

Hata tarehe ina mambo. Boyne ilipiganwa tarehe 1 Julai kwa kalenda ya zamani. Tarehe 12 ilikuwa ya Aughrim, mapigano mengine ya vita hiyohiyo, 1691, palipomwagika damu nyingi zaidi. Kalenda ilipobadilishwa mwaka 1752, Boyne ikaangukia tarehe 12, na Aughrim ikafunikwa. Kwa maoni yangu, Aughrim iliponzwa na kukosa mfalme wa kuchora ukutani.

Wakatoliki je? James alikimbilia Ufaransa, nani amwimbie? Wao hukumbuka mji wa Limerick, na mkataba wa Oktoba 1691 uliowaahidi uhuru wa dini waliokuwa nao enzi za Charles wa Pili, mfalme aliyemtangulia James. Jiwe ambalo inasemekana ulitiwa saini juu yake bado lipo kando ya Mto Shannon. Lakini ahadi haikudumu: mwaka 1695 Bunge la Ireland, huko Dublin, likamkataza Mkatoliki kumiliki farasi wa zaidi ya pauni 5. Sasa mfikirieni anayeijua habari hiyo, akipita chini ya picha ya William juu ya farasi mweupe.

Mwaka 2007 Mchungaji Ian Paisley, kiongozi wa Waprotestanti wa Ireland ya Kaskazini aliyekuwa na ulimi mkali dhidi ya Papa, alikwenda Boyne akamkabidhi Waziri Mkuu wa Ireland, Bertie Ahern, bunduki ya karne ya 17. Pamoja na hayo, Tume ya Magwaride, iliyozaliwa na vurugu za miaka ya 1990 za gwaride la Orange la Drumcree lililopita mtaa wa Wakatoliki, ingali inaamua nani apite barabara ipi.